Sura ya Sita: Kasuku Wangu Ananipenda, au Ananiigiza Tu?

Kila aliyewahi kuishi nyumba moja na kasuku amewahi kujiuliza swali hili. Mke akirudi kutoka sokoni, kasuku humwita jina kabla hajatua kikapu. Mume akirudi kazini, ndege yule yule humpa mgongo, na akinyooshewa kidole hung'ata. Mgeni akipiga hodi, anayejibu "karibu" ni ndege aliye tunduni. Basi huyu ana mapenzi ya kweli, au ni mdomo tu na moyo haumo?

Wapo wanaojibu upesi: ndege ni ndege, anatafuta karanga zake. Wapo wanaoapa kwamba kasuku wao anawapenda kama mtoto anavyompenda mzazi. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Sura hii inatoa jibu la tatu: mapenzi ya kasuku ni ya kweli, ila hayakuumbwa kwa ajili yetu. Yaliumbwa kwa ajili ya kasuku wenzake, na binadamu huyapata pale tu wenzake hao wanapokosekana. Ukilielewa hilo, mengi yanayokushangaza katika tabia yake yatafumbuka, na pia utajua unadaiwa nini.

Tunamzungumzia kasuku yupi?

Pwani ya Malindi na Kilifi tunapotaja kasuku, tunaweza kuwa tunawataja ndege tofauti, na habari zao hazifanani.

*Kasuku wa kijivu.* Mwili wake ni wa rangi ya majivu, mdomo mweusi, mkia mwekundu. Ndiye msemaji mashuhuri kuliko ndege wote. Si mzaliwa wa pwani. Kwao ni misitu minene inayoanzia upande wa Ghuba ya Guinea, ikapita Kongo hadi Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kenya ilikuwa na sehemu yake pia, msitu wa Kakamega, lakini waliosalia huko ni wachache mno. Kwa hiyo kasuku wa kijivu unayemkuta barazani Malindi aliletwa na mtu, yeye au wazazi wake.

*Kasuku wa kichwa cha hudhurungi.* Huyu ni mwenyeji. Ni mdogo kuliko wa kijivu, mwili wake ni wa kijani, na akikunjua mbawa utaona manjano chini yake. Anaishi kuanzia pwani ya Kenya, kushuka Tanzania na Msumbiji, hadi Afrika Kusini, na Pemba pia yupo. Alfajiri kando ya hori ya Mida, au kwenye mibuyu ya Kilifi, huwaona wakipita wawili wawili kwa kasi, wakipiga kelele kali. Kwa maneno si hodari.

*Kasuku wadogo wa madukani.* Hawa ni wale wa shingo ya chungwa na mgongo wa kijani, wanaopenda kukaa wamebanana. Asili ya wengi wao ni kaskazini mwa Tanzania, na leo hufugwa na kuzalishwa duniani kote.

Mengi tunayoyajua kuhusu akili ya kasuku yametokana na yule wa kijivu, kwa hiyo tutaanza naye. Mwisho tutarudi kwa mwenyeji wetu.

Kundi kwanza, mtu baadaye

Katika msitu wa Kongo, kasuku wa kijivu hulala kwa makundi makubwa, pengine mamia kwenye miti michache. Kukipambazuka hutawanyika kwa vikundi vidogo kutafuta chikichi na matunda mengine, na jua likishuka hurudi. Ndani ya kundi hilo dume na jike hukaa pamoja miaka mingi.

Maisha haya yana sababu. Kasuku ni chakula cha tai na mwewe. Akiwa peke yake ana macho mawili tu ya kumwona adui, na hapo hapo anatakiwa ale. Akiwa katika kundi, mmoja akila mwingine anatazama. Kwa kasuku, kubaki peke yake na kuwa hatarini ni kitu kimoja. Ndiyo maana ameumbwa akiuogopa upweke, na akapewa vyombo vya kuuepuka: sauti ya kuitana, macho ya kumsoma mwenzake, na mdomo wa kulishana na kusafishana.

Jambo la pili ni utoto wake mrefu. Kinda wa kasuku huanguliwa kipofu, bila manyoya, hawezi lolote. Wa kijivu hukaa mvunguni mwa mti kwa karibu miezi mitatu kabla ya kuruka, na hata akisharuka huendelea kuwafuata wakubwa. Hapo hujifunza tunda gani huliwa, adui ni nani, na wenzake wanaitana vipi. Kuku mdogo hutoka ndani ya yai akijua kudonoa, lakini kasuku hana budi kufundishwa.

Nafasi hiyo ya kufundishwa ndiyo mlango anaoingilia binadamu. Mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba vifaranga vya bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza wanayemwona akitembea mbele yao, hata akiwa ni mzee mwenye ndevu. Kwa bata jambo hilo huisha kwa saa chache. Kwa kasuku huchukua majuma mengi, lakini mwisho wake unafanana: kinda aliyelishwa uji kwa kijiko na mkono wa mtu, pasipo kasuku mwingine karibu, hukua akiamini kwamba wenzake ni watu. Wengine kama hao wakipewa mwenza wa aina yao baadaye, humkataa.

> Kwa ufupi: Kasuku huzaliwa na haja ya kuwa na wenzake, lakini hazaliwi akijua wenzake ni akina nani. Hilo hujifunza, na anaweza kujifunza kwa mtu.

Kwa nini anasema?

Wengi hudhani kasuku husema kwa kuwa anapenda kuchekesha. Ili kupata sababu halisi twende kwanza Venezuela, ambako kuna kasuku wadogo sana wa kijani. Mwaka 2011 mtafiti Karl Berg na wenzake walieleza walichokisikia baada ya kurekodi sauti ndani ya viota vyao. Kila kinda alikuwa na mlio wake mwenyewe wa kutambulikana, na mlio huo aliupata kwa wazazi waliomlea. Watafiti walipohamisha mayai kutoka kiota kimoja hadi kingine, vifaranga walichukua milio ya walezi, si ya wazazi waliowataga. Kwa maneno mengine, wazazi huwapa watoto majina.

Sauti ya namna hiyo tuiite *mwito wa kujuana*: mlio anaoutoa ndege kumwambia mwenzake aliyefichwa na majani, "niko hapa, wewe uko wapi?" Kasuku hujifunza mwito wa kundi lake na kuunakili, kwa sababu anayejua kuitikia ndiye anayehesabiwa kuwa wa kundi.

Sasa mchukue ndege huyo umweke kwenye tundu katika nyumba ya Malindi. Anaita, na hakuna kasuku anayeitikia. Lakini anagundua kwamba zipo sauti zinazoitikiwa. Simu ikilia, mtu anakuja mbio. Mtu akisema hodi, mlango unafunguka. Mama akiita "wee mwana, njoo hapa", mtoto anatokea. Tuktuki ikipiga honi nje, watu wananyanyuka. Kasuku anazichukua sauti hizo zinazoleta watu. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini atajifunza mlio wa simu kwa siku chache, na hotuba ndefu ya redioni aisikie mwaka mzima bila kuikamata: redio haimwitikii mtu.

Namna anavyoitoa sauti hiyo nayo ina maajabu yake. Sauti yetu huanzia juu kooni. Ya ndege huanzia chini, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kasuku huongeza ulimi wake mnene, anaousogeza mbele na nyuma kuunda sauti zinazofanana na irabu zetu.

Kasuku wa kijivu aliyechunguzwa kuliko wote aliitwa Alex. Mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua mwaka 1977 kwenye duka la wanyama huko Chicago. Badala ya kumkaririsha maneno, Pepperberg alimfundisha akishirikiana na mtu mwingine. Watu wawili walikuwa wakiulizana juu ya kitu, anayejibu vizuri akikabidhiwa kitu hicho, na kasuku akitazama, akiona wivu, akitaka kuingia kwenye mazungumzo. Kwa njia hiyo Alex alijua majina ya rangi na maumbo kadhaa, aliweza kutaja idadi ya vitu hadi sita, na alipoulizwa vitu viwili vinatofautiana nini ilhali havikutofautiana, alijibu kwamba hakuna.

Zingatia somo hilo lilivyofanyika. Alex hakufundishwa na kinasa sauti, bali na watu waliokuwa wakijali wanachoambiana. Lugha ilimwingia kupitia uhusiano. Alipokufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31, magazeti mengi yalisimulia kwamba usiku wa mwisho alimuaga mlezi wake kama alivyozoea kila usiku: akamwambia awe mwema, kwamba anampenda, na akauliza kama watakutana kesho. Je, alijua maana ya kupenda? Maneno yenyewe hayatoshi kuthibitisha. Lakini aliyasema wakati wa kuachana, na kuachana ndiyo saa ambayo kasuku wa msituni angetoa mwito wa kujuana. Neno lilikuwa la kwetu, shughuli yake ilikuwa ya kwao.

Urafiki unavyojengwa, hatua kwa hatua

Kasuku hanunuliki kwa siku moja. Mwenye kumfuga akiwa mwangalifu ataziona hatua hizi:

1. Kutazama. Kasuku mgeni hukutazama kwa jicho moja kutoka mbali. Viumbe wanaowinda huyakabili mawindo kwa macho yote mawili, kwa hiyo ukimkodolea macho usoni anakuhesabu miongoni mwa maadui. Kaa upande, fanya kazi zako, mwache akuzoee.

2. Kuitikiana. Siku moja ukitoka chumbani atapiga mlio. Mwitikie, hata kwa mbinja, na mwito wenu uwe ule ule kila siku. Asiyeitikiwa huongeza sauti mpaka inakuwa ukelele, na hivyo ndivyo nyumba nyingi huishia na kasuku mpiga mayowe.

3. Kula pamoja. Kasuku wa porini hula wakiwa pamoja. Anayekubali kula mbele yako amekuamini kiasi cha kuinamisha kichwa ukiwapo. Anayepokea kwa mkono wako amevuka hatua kubwa.

4. Kuinamisha kichwa. Manyoya mapya huota yakiwa ndani ya ala ngumu inayowasha, na ndege huivunja kwa mdomo wake. Lakini hawezi kufikia kichwa chake mwenyewe, kwa hiyo kazi hiyo hufanyiwa na mwenza. Kasuku akikuinamishia kisogo na kuyasimamisha manyoya kidogo, anakuomba umfanyie anachofanyiwa na mwenza tu.

5. Kukucheulia. Wengine hushtuka kasuku akinyanyua shingo mara mbili tatu na kutoa chakula alichokwisha kumeza. Hajaugua. Dume humlisha jike hivyo, na wazazi huwalisha watoto hivyo. Amekuweka katika daraja la juu kabisa alilonalo.

Hakuna hata hatua moja aliyoibuni kwa ajili ya binadamu. Zote amekuja nazo kutoka msituni.

Kwa nini ampende mmoja na kumng'ata mwingine?

Malalamiko ya kawaida ni haya: "Mume wangu akikaa karibu nami, kasuku humrukia." Mwingine atasema: "Mwanangu ndiye anayempa chakula, lakini anayependwa ni bibi yake, ambaye hata hamshughulikii."

Kumbuka kwamba kasuku huishi wawili wawili. Ndani ya kundi ana wenzake wengi, lakini mwenza ni mmoja, na mwenza hulindwa. Ndege anayemvamia mume hana chuki naye. Anamfukuza mshindani. Pengine humng'ata hata yule anayempenda, kumhimiza aondoke mshindani akikaribia.

Kwa bibi, jibu liko kwenye mwendo na sauti. Mtoto huja mbio, hunyoosha mkono ghafla, hucheka kwa kelele, kisha hukimbilia mchezoni. Bibi amekaa pale pale barazani kutwa, sauti yake ni ya chini, na akiitwa anaitikia. Kwa vipimo vya kasuku, bibi ndiye kundi, na mtoto ni mpita njia anayeleta chakula.

Wenye nyumba wanaweza kuupunguza wivu huu. Kila mmoja ashiriki kulisha na kuzungumza naye. Mkunwe kichwani na shingoni tu, kwani kumpapasa mgongoni na chini ya mbawa ni mambo ya wenza, na humwamshia hamu asiyoweza kuitimiza. Naye yule anayependwa zaidi asiifanye nafasi yake kuwa fahari ya kuwatambia wengine.

Hata hivyo tusimwone kasuku kama mbinafsi. Mwaka 2020 Désirée Brucks na Auguste von Bayern waliwajaribu kasuku wa kijivu kwa kuwafundisha kubadilisha vipande vya chuma kwa chakula. Kisha wakampa vipande ndege mmoja ambaye tundu lake la kubadilishia limezibwa, na wakamwacha jirani yake mikono mitupu, na tundu lake wazi. Kasuku walimpitishia jirani vipande hivyo ili yeye apate kula, ingawa mtoaji hakupata kitu papo hapo. Waliwapa zaidi marafiki, lakini hata wasio marafiki waliwapa. Aina nyingine ya kasuku waliojaribiwa pamoja nao, wa Amerika Kusini, hawakufanya hivyo.

> Kwa ufupi: Kung'ata, wivu na ukarimu wa kasuku vina chanzo kimoja. Ni tabia za ndege mwenye mwenza mmoja anayemlinda na kundi analolitegemea.

Upweke humfanya nini

Sasa tufike pagumu. Tumeona kwamba kasuku hufungamana na mtu kwa nguvu zile zile ambazo angefungamana nazo na kundi. Lakini kundi haliendi kazini saa mbili asubuhi likarudi jioni. Kundi halisafiri kwenda Nairobi kwa wiki mbili wala halifungi mlango usiku likamwacha ukumbini peke yake.

Dalili ya kwanza ya upweke ni mayowe. Ya pili ni kutikisika mbele na nyuma mahali pamoja kwa saa nyingi. Ya tatu ni kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu. Wakati mwingine ngozi huwa na ugonjwa, ndiyo maana daktari wa mifugo aitwe kwanza, lakini mara nyingi ndege hana maradhi mengine ila kukosa mwenzake.

Hasara hiyo huingia hadi ndani ya chembe za mwili. Kwenye ncha za nyuzi zinazobeba urithi wetu kuna vifuniko viitwavyo telomeri, ambavyo hufupika kadiri kiumbe anavyozeeka na kuhangaika. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walipima telomeri za kasuku wa kijivu. Kasuku wa miaka tisa waliofugwa peke yao walikuwa na telomeri fupi sawa na za kasuku waliokaa wawili wawili na waliowazidi umri kwa miaka 23.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Uskoti walifanya jaribio la kufurahisha. Waliwafundisha kasuku 18 waliofugwa majumbani kugonga kengele, kisha kuchagua kwa mdomo, kwenye kioo cha kompyuta ndogo, picha ya kasuku mwingine wa kupigiwa simu ya video. Ndege walichaguana, wengine wakawa na rafiki maalumu, wakaimbiana na kujisafisha wakitazamana. Ukilisoma jaribio hilo unatabasamu, kisha unagundua kwamba ndege hao, wote wakiwa na walezi waliowapenda, walipopewa njia ya kumwita kasuku mwenzao waliitumia.

Mwito unaotumiwa kama mtego

Kabla ya kutamani kasuku wa kijivu, ni vizuri kujua anavyofika mjini. Wategaji wa Kongo na kwingineko humfunga kasuku mmoja juu ya mti na kupaka ulimbo kwenye matawi yanayomzunguka. Aliyefungwa anaita. Wenzake wanaitikia, wanatua, na manyoya yao yananasa. Sauti inayowaweka hai msituni ndiyo inayowamaliza.

Baadaye husongamanishwa masandukuni, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Kumbukumbu za biashara halali peke yake zinaonyesha zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 waliotolewa porini na kuuzwa nje tangu mwaka 1975. Katika hesabu hiyo hawamo waliofia njiani wala waliopitishwa kwa magendo. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, zilikutana Johannesburg zikamweka kasuku huyu kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa. Biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ilipigwa marufuku.

Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa yeyote anayefuga kiumbe wa porini. Anayekuuzia kasuku kando ya barabara bila karatasi anakuuzia na kesi.

Kama tayari unaye

Wengine wamerithi kasuku, au walipewa zamani. Hawa hawasaidiwi na lawama. Wanayoweza kufanya ni haya:

- Usimwachilie. Kasuku wa kijivu aliyefunguliwa Malindi hayuko kwao. Hajui chakula cha pale, na hana kundi la kumpokea.
- Nenda KWS. Uliza utaratibu wa kibali.
- Mtafutie mwenzake au muda. Kama hana kasuku wa kuishi naye, basi saa za kukaa na watu ziwe nyingi, kila siku.
- Mpe kazi. Porini hutumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula. Mfungie chakula ndani ya kifuu au makuti asumbuke kukitoa.
- Chunga chakula na hewa. Parachichi ni sumu kwake, na chokoleti pia. Moshi wa jiko unamuumiza, na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula, kikiungua, unaweza kumuua kwa dakika chache.
- Jilinde nawe. Kuna maradhi ya kasuku yanayompata mtu kwa vumbi la kinyesi, nayo hushambulia mapafu. Safisha tundu kwa kitambaa chenye maji, usifagie vumbi likaruka.
- Andika wosia. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri hufika miaka 40 na zaidi. Mzee anayewagawia watoto minazi yake awaambie pia nani atabaki na kasuku, na huyo aanze kuzoeana naye mapema.

Wa kwetu yuko mbuyuni

Tumrudie kasuku wa kichwa cha hudhurungi. Ameishi jirani na watu wa Kilifi siku zote, na ujirani huo haukuwa wa mapenzi tu. Mtama na mahindi yakikaribia kukomaa, naye hushuka shambani, na mtoto aliyewekwa kuamia ndege hana jema la kusema juu yake. Nje ya msimu hula tini za mkuyu, mbegu na chipukizi.

Shida yake kubwa ni nyumba. Kasuku huyu hajengi kiota cha vijiti. Hutaga ndani ya mashimo ya miti, mengi yakiwa yameachwa na gogota au yametokana na matawi yaliyooza. Mti mchanga hauna shimo kama hilo. Anahitaji mti mzee, na miti mizee ya pwani imebaki mahali pachache: msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 400 na ushei, misitu ya kaya za Mijikenda, kama Kaya Kauma na Kaya Fungo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 na ambayo miiko ya wazee iliilinda muda mrefu kabla ya hapo, na mibuyu iliyosimama mashambani mwa watu.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo hatarini zaidi, maana ulinzi wake ni uamuzi wa mwenye shamba peke yake. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa kwa mashine ili ipelekwe hadi Georgia, kwenye bustani ya tajiri. Kelele zikapigwa, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi. Mjadala ulihusu vibali na bei aliyolipwa mkulima. Wanaolala mvunguni mwa mti hawakutajwa kwenye hati ya mauzo.

Mtu wa pwani anayetaka urafiki na kasuku ana njia isiyohitaji tundu. Aache mbuyu na mkuyu isimame. Mti mkavu usiomwangukia mtu aubakize, kwa kuwa gogota atautoboa na kasuku atauhamia. Wakati wa mavuno aamie shamba lake kwa kelele na matambara, asitege ulimbo wala kuweka sumu. Akimkuta mtu anauza makinda, aripoti KWS asiyanunue kwa huruma, kwani kila anayenunua humrudisha mtegaji mtini.

Malipo yake si makubwa. Kasuku huyu hatamwita mtu jina, wala hatamwinamishia kichwa, kwa sababu anaye wa kumfanyia hayo. Baada ya yote tuliyoyaona katika sura hii, hiyo ndiyo hali njema kuliko zote anayoweza kuwa nayo kasuku, na jirani yake aliyeuacha mti usimame ana sehemu katika kuileta.